Mtu mmoja, ukumbi mzima: kabareti ya Waholanzi

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo niko Amsterdam, kando ya mto Amstel, na jengo hilo nyuma yangu ni De Kleine Komedie. Limesimama hapo tangu miaka ya 1780. Ukumbi wenyewe si mkubwa, lakini mchekeshaji wa Kiholanzi akishapata usiku wake humo, ujue anaanza kuhesabika.

Kwetu mtu akisema anakwenda kwenye vichekesho, tunafikiria Churchill Show au Cheka Tu: wachekeshaji wengi usiku mmoja, kila mmoja na dakika zake, mshereheshaji anawapokea na kuwaaga. Huku hayo nayo yapo. Tangu 1990 kuna kundi la Comedytrain, lililoanzishwa na Raoul Heertje, na kijumba chao cha Toomler hapa Amsterdam kimewakuza wengi. Lakini ninachotaka mkione leo ni kabareti. Hapo anapanda mtu mmoja tu, na anakaa nanyi saa moja na nusu. Anachekesha, anasimulia, anaimba akijipigia piano, anawasema wakubwa, halafu mkiwa bado mnacheka anaingia kwenye habari za kumuuguza mama yake, na ukumbi wote unanyamaza. Dakika mbili baadaye mnacheka tena. Hiyo kazi ni ngumu jamani, na mimi naiheshimu sana.

Ni mambo ya zamani. Eduard Jacobs alianza mwaka 1895 mtaani De Pijp, hapa hapa Amsterdam, akiimba nyimbo za watu ambao jamii haikutaka kuwatazama. Baada ya vita vikuu vya pili wakatawala watatu ambao mpaka leo wanaitwa Watatu Wakubwa: Toon Hermans, Wim Sonneveld na Wim Kan. Huyo Kan ndiye ninayempenda kumsimulia. Wakati wa vita alikuwa mateka wa Wajapani, akapelekwa kwenye ile reli ya Burma iliyoua watu wengi, na huko huko kambini alikuwa akiwachekesha mateka wenzake. Mwaka 1954, usiku wa kuamkia mwaka mpya, akaingia redioni akaupitia mwaka mzima, wanasiasa wakiwemo. Sisi watu wa Pwani ukitaka kumsema mtu unamtungia taarabu, mafumbo juu ya mafumbo, mwenyewe ajijue. Kan alitaja jina. Na nchi nzima ilikaa kumsikiliza, waziri mkuu akiwa mmoja wa wanaosemwa. Mwaka 1973 akahamia kwenye televisheni, na tangu hapo imekuwa desturi: tarehe 31 Desemba familia zinakaa na maandazi yao ya mwaka mpya, wanamsubiri mchekeshaji awaambie mwaka ulikuwaje. Wanaiita oudejaarsconference.

Mkitaka kujua uzito wa usiku huo, sikilizeni hii. Mwaka 1989 Youp van 't Hek aliwasimanga wanywaji wa Buckler, bia isiyo na kilevi ya Heineken. Aliwasema vibaya mno, na watu wakaona aibu kuonekana nayo baa. Mwaka 1993 Heineken wakaiondoa bia hiyo katika soko la Uholanzi. Kampuni kubwa kiasi hicho, na aliyewatikisa ni mtu mmoja na kipaza sauti!

Sasa niwaambie kilichonivutia kuliko vyote: maonyesho ya majaribio. Kabla ya uzinduzi, msanii anazunguka miezi kadhaa kwenye kumbi ndogo za miji midogo, tiketi kwa bei nafuu, na kila mtu anajua kazi haijaiva. Nilikaa safu ya pili kwenye moja. Kijana ameweka karatasi juu ya stuli, kalamu sikioni. Akasema jambo moja kuhusu baba mkwe wake, kimya. Akaenda kwenye stuli, akakata mstari, akatutazama: "Mlipotelea wapi?" Mama mmoja akamjibu kuwa hakuelewa gari lilikuwa la nani. Akashukuru, akaandika, akaisimulia upya akianza na gari. Watu walicheka mpaka nikasikia viti vinalia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanapofika kwenye kumbi kubwa kama Carré hawayumbi. Kila sentensi imeshapita kwa watu.

Na msidhani ni uwanja wa wenyeji peke yao. Jörgen Raymann, aliyekulia Suriname, alivaa gauni akawa Tante Es, mama wa Kisuriname asiyemwogopa mtu, na Waholanzi wakampenda. Najib Amhali kazaliwa Moroko, naye amejaza kumbi kubwa. Wahamiaji wenzetu hawa, na hawakuingia kwa kujikunyata.

Kwa mlio huku: Kiholanzi kikiwa bado kinakusumbua, anza na Boom Chicago, wao wanachekesha kwa Kiingereza hapa Amsterdam tangu 1993. Ukipanda ngazi, nenda kwenye majaribio ya mji wako. Fika mapema, maana kumbi nyingi onyesho likishaanza huingii tena, na mara nyingi kinywaji kimo ndani ya bei ya tiketi, kwa hiyo uliza kabla hujatoa pesa.

Na nyinyi mlio nyumbani, nina swali la dhati. Vipaji tunavyo, nawaona kila wiki kwenye simu yangu, lakini tunawapa dakika kumi kisha tunamwita mwingine. Ni mchekeshaji gani wa kwetu ungemlipia tiketi akupe saa moja na nusu, peke yake jukwaani? Niandikieni jina, na mniambie angezungumzia nini.