Macho ya Mtoto Yasilione Koleo

Wauguzi wenzangu, madaktari, na nyinyi vijana wa kuunda programu mliojaa pale nyuma, hamjambo. Kwenye ratiba nimeandikiwa "Uhalisia pepe katika mafunzo na huduma kwa wagonjwa," yaani ulimwengu wa kompyuta unaouingia kwa macho, mara nyingi kwa kuvaa miwani. Mafunzo nitayafikia. Mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi, na leo naanzia hapo hapo: chumba cha kufungia vidonda, wodi ya walioungua.

Moto hauchomi mara moja. Huchoma siku ile, kisha huchoma tena kila bendeji inapobadilishwa.

Nilikuwa na mtoto wa kiume, miaka sita, amemwagikiwa na sufuria ya maji ya moto. Nyumba ya chumba kimoja, jiko liko chini, mtoto anapita. Mnajua. Mkono wa kulia wote, na kifua kidogo. Siku ya tatu alikuwa ameshaujua mlio wa magurudumu ya troli yangu. Nikiwa bado kwenye korido namsikia ameanza kulia. Mama yake anamshika mabega na kugeuza uso ukutani.

Nikampa simu yangu, nikamwekea katuni. Sote tumefanya hivyo. Nikashika koleo langu dogo la kuondolea bendeji, nikaanza kulowesha gozi, kile kitambaa kinacholala juu ya kidonda, kwa maji ya chumvi ili isije ikang'oka na ngozi changa, na siku hiyo nikaamua kuyatazama macho yake. Katuni, koleo. Katuni, koleo. Nikiinua tu ncha ya gozi, macho yameshaiacha simu kabla sijavuta, na mwili wote umekakamaa kusubiri. Simu ilikuwa mbele yake, lakini hata mimi nilikuwa mbele yake.

Wiki iliyofuata kijana mmoja wa ukoo wetu akaniazima miwani, ile ya kuchomeka simu ndani na kufunga kwa mkanda. Mtoto alikuwa amepewa dawa yake ya maumivu nusu saa kabla. Hilo naomba mlishike, nitalirudia. Nikamvalisha. Ndani kulikuwa na bahari. Akageuza shingo kushoto kumfuata kasa, akatazama juu, akatazama chini. Nikalowesha. Nikaondoa safu ya kwanza, nikaondoa ya pili. Nilikuwa nakaribia kiwiko aliponiuliza, "Sista, umeanza?"

Nilisimama na koleo hewani. Mama yake akageuka kutoka ukutani.

Kwenye kiwiko alilia, sitawadanganya. Pale gozi ilikuwa imegandamana na kidonda, akataka kuivua miwani, nikaacha kila kitu nikamngoja. Alipotulia aliuliza kasa ameenda wapi. Tukamaliza.

Sasa kuna watu huniambia, "Sista, huyo ni mtoto mmoja." Sawa. Basi nendeni Seattle, Marekani. Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kazi hii mwaka 1996, na wagonjwa wao wa moto walitoka hospitali ya Harborview. Walitengeneza ulimwengu wa theluji, SnowWorld, ambamo mgonjwa anateleza kwenye bonde la barafu huku akirusha mabonge ya theluji. Theluji waliichagua makusudi, kwa sababu anayesafishwa kidonda cha moto mara nyingi huurudia moto kichwani mwake. Mwaka 2004 wakachapisha picha za ubongo: watu wenye afya waliguswa kwa joto la kuumiza wakiwa ndani ya ulimwengu huo, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zikapunguza kazi. Yaani mtu hakuwa anajikaza tu. Maumivu yanataka umakini wako ili yakuume sawasawa, na umakini ukiwa umeenda kwingine, yanakosa sehemu ya chakula chake. Halafu miwani inafanya jambo ambalo simu haiwezi: inaliondoa koleo machoni.

Kuna pingamizi lingine, na hili hunikera. "Gozi zimeisha stoo, nawe unataka miwani!" Mimi ndiye niliyesimama stoo gozi zikiwa zimeisha. Najua. Gozi kwanza. Mofini kwanza. Wala asitokee mtu wa bajeti akasema kwa kuwa kuna miwani basi dawa ya maumivu ipunguzwe. Miwani huongezwa juu ya dawa, haishiki nafasi yake. Lakini hoja ya "subirini" nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na watoto waliokuwa wakisubiri wakati ule sasa ni watu wazima wanaoogopa kuingia hospitali.

Tena tuwe wakweli kuhusu kidonda. Kidonda cha moto kinapenda vijidudu. Miwani itoke kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kufutwa, tumeleta balaa. Aliyeungua uso huwezi kumfunga mkanda kichwani. Kuna waliotundika kifaa kwenye mkono wa chuma ili kisimguse mgonjwa. Mwenye kifafa, uliza kwanza. Akisema anahisi kichefuchefu, vua.

Na nyinyi vijana wa nyuma: sauti iliyokuwa ndani ya ile miwani ilisema Kiingereza cha Marekani. Mtoto wa mtaa wa Mukuru, hapa Nairobi, anaambiwa na mtu asiyemjua, kwa lugha asiyoielewa, avute pumzi. Mwekeeni sauti ya Kiswahili, ya mtu kama shangazi yake. Theluji, kama mnaitaka, ipo Mlima Kenya. Na programu ifanye kazi bila intaneti.

Watu wazima nawapitia haraka. Novemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha uhalisia pepe kwa maumivu sugu ya mgongo, programu ya wiki 8, kwa maagizo ya daktari. Someni wenyewe.

Mafunzo. Naona kadi ya dakika tano imeinuliwa. Mwaka 2002 Seymour na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichukua madaktari 16 wanaosomea upasuaji. Waliofanya mazoezi kwenye kifaa cha kuigiza upasuaji walikitenganisha kifuko cha nyongo na ini kwa kasi iliyowazidi wenzao kwa asilimia 29. Ambao hawakukipitia walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kujeruhi kifuko au kuunguza pasipohusika. Na kifaa kile kilikuwa skrini na vishikio viwili tu, bila miwani, kwa hiyo msishindane kununua cha bei kali.

Wakunga, kwenu ni dakika ya kwanza ya mtoto mchanga. Karibu mtoto mmoja katika kumi huhitaji kusaidiwa kuanza kupumua. Hapa Nairobi watafiti wa tiba wa KEMRI-Wellcome Trust, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, wana LIFE, mafunzo ya dharura yanayochezwa kwenye simu. Yatakupa mpangilio: kausha, pasha joto, fungua njia ya hewa, pumulisha. Lakini kubana barakoa kidevuni hewa isivuje, hilo vidole hujifunza kwa mwanasesere. Tumieni vyote viwili.

Nilikuwa na la wauguzi wenyewe, uchovu wa kusikia vilio kutwa. Kadi imekuwa nyekundu. Miwani ile ile iko mezani hapo mlangoni, bahari na kasa wamo. Anayetaka avae. Spiriti na pamba ziko pembeni. Ifute kabla, na uifute baada.