Viungo vya Tex-Mex: karibu vyote mnavyo tayari jikoni

Assalaam aleikum mama zangu, dada zangu na ndugu zangu mnaotazama Malindi, Watamu mpaka Lamu. Hapa ni Houston, Texas, na leo mezani pana viungo vya Tex-Mex, yaani upishi wa Texas wenye asili ya Mexico. Ni vile vinavyotiwa kwenye nyama ya kima ya taco (mkate mwembamba unaokunjiwa nyama ndani), kwenye maharagwe na kwenye nyama ya fajita (vipande vyembamba vya nyama ya kuchoma). Wengi mwauliza pakiti yake mtaipata wapi huko. Pakiti haina haja. Ndani yake mara nyingi mna chumvi nyingi, unga wa mahindi laini wa kuzidisha uzito wa mchuzi na sukari kidogo, pamoja na viungo vyenyewe.

Kabla hamjashika kijiko, kuna jina moja linaloharibu chungu kizima. Mapishi ya Kimarekani yakisema "chili powder" vijiko vikubwa vitatu, hayamaanishi pilipili ya unga ya duka la kwetu. Huku hilo ni jina la mchanganyiko: pilipili nyekundu isiyo kali, bizari nyembamba, oregano (majani makavu ya kunukia) na kitunguu thomu, vimesagwa pamoja. Ulianza kuuzwa miaka ya 1890 hapa hapa Texas, na mmoja wa waliouanzisha ni William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani wa mji wa New Braunfels. Ukitia vijiko vitatu vya pilipili yetu ya unga kwenye nusu kilo ya nyama, hakuna atakayekula, na hata tui la nazi halitaiokoa.

Kwa hiyo kitu cha kutafuta ni kimoja tu: pilipili nyekundu yenye rangi na ladha lakini isiyochoma. Wamexico hutumia ancho, ambayo ni pilipili ya poblano iliyokaushwa, tamu kidogo kama zabibu kavu. Huko kwetu ulizeni pilipili kavu za Kashmiri kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, zile zenye ngozi ya mikunjo. Chukueni gramu 50. Zikikosekana, paprika ya kopo, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, itafaa. Pilipili kichaa iwekeni kando kabisa.

Tazameni hapa karibu. Pilipili naikata kikonyo, naipasua kwa urefu, natikisa mbegu zitoke. Mnauona huu utando mweupe ulioshika mbegu? Ukali umekaa humu kuliko kwenye mbegu zenyewe, kwa hiyo ukwangueni kwa ncha ya kisu. Mikono ipakeni mafuta kabla ya kuanza, na mkimaliza nawieni kwa sabuni, maana ukali huu haushikwi na maji matupu.

Kaango kavu, moto mdogo. Pilipili iwekeni bapa, ibonyezeni kwa mwiko sekunde 20, geuzeni, sekunde 20 nyingine. Inalainika, inang'aa, inatoa harufu. Ikianza kupata madoa meusi itakuwa chungu, na uchungu huo hauondoki kwa sukari wala kwa ndimu. Itupeni hiyo moja, msiihurumie. Madirisha yawe wazi, moshi wake unakohoza nyumba nzima.

Kisha bizari nyembamba, ileile ya pilau, vijiko vikubwa viwili vikiwa punje nzima, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha mbegu za dania. Dakika moja, moja na nusu, mkitikisa kaango bila kuacha. Rangi ikizidi kidogo tu, mimineni kwenye sahani papo hapo, kwa sababu kaango la chuma linaendelea kuunguza hata likiwa nje ya moto.

Acheni vyote vipoe kabisa kabla ya kusaga. Viungo vya moto vikiingia kwenye mashine hutoa mvuke, na unga unashikana ukutani mwa mashine kama udongo. Kinu na mchi pia vinafaa, ila pilipili itwangwe peke yake kwanza, ndiyo ngumu, kisha ichekechwe. Gramu zile 50, mbegu zikishatoka, zitatoa takriban vijiko vikubwa vinne vya unga.

Changanyeni sasa: huo unga wa pilipili, bizari na dania mlizosaga, kijiko kikubwa kimoja cha unga wa kitunguu thomu, vijiko viwili vya chai vya unga wa kitunguu maji, vijiko viwili vya chai vya oregano iliyofikichwa kwa viganja, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga. Anayetaka ule utamu mzito wa ancho aongeze nusu kijiko cha chai cha kakao isiyo na sukari. Inatosha kilo mbili za nyama.

Oregano ya Mexico ni mmea mwingine kabisa, si wa ukoo mmoja na ile ya Italia, na ina harufu ya ndimundimu. Malindi ile ya Italia haiwapi shida, Waitaliano wamejaa. Itumieni, halafu mkwaruzie ndimu kidogo, ganda la kijani tu, kwenye chungu mwishoni.

Karafuu, iliki na mdalasini, mikono mbali! Najua mkono wa pwani ukiona bizari unaviendea wenyewe. Mkivitia mtapata pilau masala nzuri sana, lakini si Tex-Mex.

Chumvi sikutia, na ni kwa makusudi. Unyevu wa bahari unaingia ndani ya chumvi, na unga wa kitunguu thomu nao unanyonya maji, basi msimu wa Kusi chupa nzima inageuka jiwe. Wekeni kwenye chupa kavu ya kioo, kabatini mbali na jiko, na mchote kwa kijiko kikavu. Msichotee juu ya sufuria inayochemka. Miezi mitatu bado ina harufu nzuri.

Kwa nusu kilo ya kima: kaangeni nyama mpaka maji yakauke, sogezeni pembeni, tieni mafuta kidogo, vijiko vikubwa viwili vya viungo, na mvikaange nusu dakika kwenye yale mafuta. Wengi huruka hapa, kisha wanalalamika kuwa chakula kina ladha ya vumbi. Halafu kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, kijiko cha chai cha chumvi, nusu kikombe cha maji, moto mdogo dakika 10. Chapati nyembamba zisizokunjwa kwa mafuta zinafaa, kwani mikate mingi ya Tex-Mex ni ya ngano vilevile.

Kwa samaki wa kuchoma, vijiko viwili vya chai kwa kila nusu kilo vinatosha, vikorogwe na mafuta na chumvi, apakwe dakika 15 kabla ya moto. Ndimu ikamuliwe akishatoka kwenye mkaa. Ikitangulia, nyama ya samaki inaanza kuiva na kukakamaa kwa ile asidi, na viungo vinateleza kwenye makaa.