Siku ya Picha

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Poleni na safari kwa mliotoka mbali, na hongereni ninyi mliowasindikiza wagonjwa wenu.

Mwezi wa nne baada ya kutolewa figo ya kushoto kwa sababu ya saratani, nilishikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha msimu wa baridi, nyumba nzima tulikohoa, hata wajukuu. Wenzangu walikohoa wakalala. Mimi nilikaa macho, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa kwamba saratani ya figo ikirudi, mara nyingi huonekana kwenye mapafu. Nilikuwa nakohoa kwenye leso nyeupe, kisha naisogeza karibu na taa kutafuta damu. Baba watoto aliamka akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta pini.

Leo nataka tukae zaidi kwenye usiku ule.

Mwili kwanza, kwa kifupi. Wiki 6 hivi hakuna kuinua kitu kizito, na kwetu kitu kizito maana yake ndoo ya maji ya lita 20 na mtoto wa kubebwa mgongoni. Ukikohoa au kupiga chafya, kumbatia mto juu ya mshono. Ngozi ya kuzunguka kovu inaweza kufa ganzi kwa miezi, na uchovu utakaa kuliko ulivyotegemea. Ndugu wakikuona umesimama watadhani umepona. Waambie bado.

Kuhusu figo iliyobaki, nisimulie kidogo. Mwaka 1869, kule Heidelberg, Ujerumani, daktari Gustav Simon alikuwa na mgonjwa aitwaye Margaretha Kleb, ambaye mkojo ulimvuja kwa jeraha kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Dawa pekee iliyobaki ilikuwa kuitoa figo yenyewe. Swali likawa: je, binadamu ataishi na moja? Simon alijaribu kwanza kwa mbwa, kisha akampasua yule mama, naye akapona. Figo moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Mwenzake akiondoka, iliyobaki hukua na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya yule aliyekwenda. Ilindeni: pimeni presha, pimeni kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inavyochuja, kila mnapoambiwa, na muache mazoea ya kununua dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni dukani kila mgongo ukiuma. Mitishamba isiyojulikana vipimo vyake nayo iacheni, hata kama imeletwa na shangazi mnayempenda.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua kuliko kidonda. Majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa yalipotoka, daktari alisema uvimbe ulikuwa ndani ya figo, umetoka wote, kwa hiyo hakuna dawa, tutakuwa tunakuangalia tu. Dada yangu hakulala siku hiyo. "Mbona hawakukuchoma mionzi? Mbona hawakukupa dripu kama mama fulani?" Na mimi nikaanza kujiuliza kama nimeachwa, au kama ni suala la fedha.

Laiti mtu angenieleza siku ileile. Saratani ya figo ya watu wazima, ile ya kawaida, haisikii sana zile dripu za kemikali zinazotibu saratani nyingine. Kwa uvimbe mdogo uliotolewa wote, upasuaji ndiyo tiba yenyewe. Wapo ambao ugonjwa wao una hatari kubwa zaidi ya kurudi, na hao siku hizi zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili baada ya upasuaji, kwa gharama kubwa mno. Muulize daktari wako: mimi niko kundi lipi? Una haki ya kujibiwa hadi uelewe. Lile neno "tu" katika "tutakuangalia tu" liliniumiza bure. Kuangaliwa ni kazi, ina ratiba yake: picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, ya kifua na tumbo, kipimo cha damu, mara nyingi zaidi miaka ya mwanzo, kisha kwa kuachanisha muda mrefu zaidi. Inaweza kurudi hata baada ya miaka mingi, ndiyo maana kadi ya kliniki haitupwi.

Hofu ilinifanyia mambo mawili yanayopingana. Kwanza ilinituma kupima ovyo. Mwezi mmoja nilifanya altrasaundi mara tatu, sehemu tatu, kwa pesa ya mbolea. Kisha tarehe ya picha ya kweli ilipofika, sikwenda. Nilisema gari limeharibika. Gari lilikuwa zima. Nilikaa miezi mitano bila kwenda, na hiyo ndiyo hatari niliyojiletea mwenyewe, kwa sababu maana yote ya ratiba ni kukiona kitu kikiwa bado kidogo.

Kilichonirudisha ni kusema. Nilimwambia baba watoto kwamba ile pini haikuwepo. Akanyamaza, akasema, "Najua. Mimi nilikuwa nahesabu unavyokohoa." Kumbe tulikuwa wawili gizani, kila mmoja akimficha mwenzake.

Tukapanga hivi. Damu kwenye mkojo, hakuna kusubiri. Kikohozi, maumivu ya mfupa au kupungua uzito, naandika tarehe kwenye daftari. Ikizidi wiki 2 naenda kwa daktari wangu yuleyule, siyo kwa kila mwenye mashine. Na ile wiki ya kabla ya picha na siku za kusubiri majibu, sijifanyi jasiri. Sipangi kikao wala harusi. Usingizi ukikataa wiki nyingi mfululizo, na chakula kikikosa ladha, hilo nalo hupelekwa hospitali kama kidonda kinavyopelekwa.

Ninyi mnaouguza, naomba neno moja. Mgonjwa akianza kusema "nikirudiwa je?", mnakimbilia "usiwaze, Mungu mkubwa." Mungu ni mkubwa, naswali na naamini. Lakini mwacheni amalize sentensi yake kwanza.

Picha yangu ijayo ni mwezi wa kumi na moja. Tumbo limeshaanza kukaza, na baba watoto ameshaomba ruhusa kazini.

Mama pale nyuma uliinua mkono nilipotaja ganzi ya kovu. Karibu, uliza.