Masizi na Almasi

Kaeni, kaeni. Feni imegoma, kwa hiyo wa nyuma wasogee dirishani.

Hili nimelisema mpaka nimechoka, na bado leo mlangoni kijana ameniuliza: "Mwalimu, katika kuotesha almasi kwa gesi, hiyo methani ndiyo mwenye kazi?" Kila mtu na methani! Ndani ya chombo chetu hidrojeni ni kama asilimia 99, methani, gesi yenye kaboni, asilimia 1. Kilo 99 za mchele na kilo moja ya nyama: pilau hiyo mtamsifu nani, mchinjaji?

Atatokea mjuaji aseme hidrojeni ni ya kuzimulia tu, kama maji ya mchuuzi wa maziwa. Sivyo, bwana. Nenda jikoni, pindua sufuria ya kuni, pitisha kidole. Masizi. Kaboni ni ile ile ya almasi, ila ikiachiwa itue ipendavyo haitui almasi. Hapo ndipo hidrojeni huingia. Waya wa tangsteni uliomo chomboni ukiwaka nyuzi 2,000 na zaidi, molekuli za hidrojeni hupasuka zikawa atomu moja moja, na atomu hizo zina njaa. Grafiti, kaboni nyeusi ya penseli, ndugu wa masizi, atomu hizo huitafuna upesi; almasi huigusa kidogo tu. Ni palizi hiyo, wanangu. Tena atomu hizo hizo hung'oa hidrojeni iliyofunika uso wa almasi, kaboni mpya ikapata pa kushika.

Mimi mwenyewe ujanani niliona utando wa almasi unakua kwa maikromita moja hivi kwa saa, nikashikwa na haraka. Nikaongeza methani. Kutwa nzima nimekaa na ile pampu inavyonguruma, jioni nafungua: kipande cheusi ti, vidole kama vya muuza makaa. Nikapunguza, nikaanza upya. Safari hii silikoni, kile kibamba ninachooteshea almasi juu yake, ilitoka na ngozi ya kijivu, hata haipendezi. Lakini chini ya hadubini, pembe tupu, zinametameta kama chumvi ya mawe.

Najua, najua: kwa kanieneo ndogo grafiti ndiyo tulivu, almasi itadumuje? Pete ya bibi harusi nayo ingepaswa kuwa grafiti kwa hesabu hiyo. Mmeona bibi harusi gani akachafuka kidole?

Haya, mengine mbio mbio. Wajapani walitangaza njia ya waya 1982, ya mawimbi ya maikrowevu mwaka uliofuata, gigahezi 2.45, sawa na ile ya kupashia chakula. Silikoni iliyong'arishwa haizai kitu mpaka uisugue kwa unga wa almasi, iwe na mbegu. Utando huo ukitoka safi hupitisha joto hata kufikia mara tano ya shaba, nilikuwa na picha... basi.

Naam, fundi pale? Kuvika almasi keekee za kabaidi, zile ngumu za kutobolea chuma? Kobalti, metali iliyomo ndani yake, hurudisha masizi yale yale. Ioshe kwa tindikali kwanza. Kuhusu chuma cha pua, utando hubanduka kikipoa, kwa sababu chuma husinyaa zaidi ya... Hiyo adhana. Nifuateni nje, nitawaeleza tukitembea.