Kabla hujawaambia ndugu "uti umekatika"

Haya, karibuni manesi, karibuni matabibu, na nyie wanafunzi mliosimama mlangoni sogeeni, viti vipo huku mbele.

Nianze na mgema mmoja. Aliletwa usiku, kaanguka kutoka juu ya mnazi, miguu haiendi, ganzi kuanzia kitovuni kushuka, na mimi enzi hizo kijana mwenye haraka nikapima mapaja, nikapima magoti, nikapima nyayo, kote kimya, nikawaita ndugu zake pembeni nikawaambia uti wa mgongo umekatika, hatatembea tena. Mama yake akakaa chini palepale kwenye korido. Asubuhi kwenye raundi daktari wetu mkubwa akaomba tumgeuze taratibu kama gogo, akamgusa kwa pamba pembeni ya njia ya haja kubwa, akamuuliza unasikia? Akajibu, nasikia dokta. Jamani, mimi nilitamani ardhi inimeze.

Manake jeraha "kamili" la uti wa mgongo si suala la miguu kutosogea. Ni kwamba kule chini kabisa, kwenye neva za S4 na S5, zile za mwisho zinazohudumia eneo la njia ya haja kubwa, mgonjwa hasikii chochote na hawezi kubana njia hiyo. Hiyo ndiyo ASIA A, daraja baya kuliko yote kwenye kipimo cha ASIA cha ukali wa jeraha la uti. Akisikia pamba, akisikia pini, akisikia hata mgandamizo wa kidole chako ndani, huyo tayari ni daraja B hata kama miguu imelala kama magogo, na wa B ana nafasi ya kurudisha nguvu kumzidi wa A kwa mbali sana. Na kwa nini huko chini ndiko kunakobaki? Nyuzi za neva za sehemu hizo zimepangwa pembezoni mwa uti, kwa hiyo jeraha likianzia katikati zenyewe zinafikiwa mwisho. Najua tunaona haya, hasa mgonjwa akiwa mtu mzima, rika la baba yako. Vuta pazia, muombe radhi, mweleze unachotaka kufanya na sababu yake, vaa glovu, pima.

Na hata ukikuta kimya usitangaze usiku uleule. Siku za mwanzo uti unakuwa kwenye mshtuko, misuli imelegea, rifleksi hakuna, na inaweza kukaa hivyo siku kadhaa hata wiki, kwa hiyo unarudia kupima na unaandika kila mara. Usichanganye mshtuko huo na ile presha kushuka huku mapigo ya moyo yako polepole, hiyo ni mishipa ya damu imekosa amri ya kutoka juu, hiyo inaua, itibu kwanza.

Sasa majeraha haya yasiyo kamili yana sura zake, na inayokuja mara nyingi kuliko zote ni ya katikati ya uti. Mzee kajikwaa bafuni, kaangukia uso, shingo ikapinda kwa nyuma, eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika, anajikongoja mwenyewe lakini kijiko hakishiki. Mikono yote miwili imechoka kuliko miguu, hapo ifikirie shingo kabla hujaandika kiharusi! Hawa wengi wanapata nafuu, miguu inaanza, kibofu kinafuata, mikono baadaye na vidole mwisho kabisa.

Ya kisu mgongoni, uti ukikatwa upande mmoja, inaitwa Brown-Séquard, jina la daktari aliyezaliwa Morisi mwaka 1817, mtu wa bahari yetu hii hii. Upande uliochomwa unakosa nguvu na mtu hajui kidole chake kimeelekea juu au chini, ila maumivu na joto vinapotea upande wa pili. Inashangaza mpaka ukumbuke kwamba nyuzi za maumivu zinavuka upande mara tu zikishaingia kwenye uti, hizo nyingine za nguvu na za kujua kidole kiko wapi zinavuka kule juu karibu na ubongo. Katika zote hii ndiyo yenye matumaini makubwa. Ya mbele ya uti ni kinyume, nguvu hamna, maumivu hamna, amebaki anajua tu mguu umewekwa wapi, na kupona kwake ni kugumu.

Halafu kiuno. Uti wenyewe unaishia kwenye L1 au L2, yaani pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, chini ya hapo ni mafungu ya neva yananing'inia kama mkia wa farasi. Mama kaja na maumivu ya kiuno, muulize mkojo unatoka? Ukijifuta chooni unasikia? Akisema pale anapokalia tandiko la baiskeli pamekufa ganzi, tafadhali usimpe diklofenaki ya kutuliza maumivu ukamrudisha nyumbani, huyo ni rufaa leo hii, kila saa inayopita anapoteza kibofu.

Yule mgema, wiki ya sita, kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Aliyekiona wa kwanza ni mama yake.