Kiwavi wa Mndimu na Nondo wa Mpapai

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie vipepeo, na najua wamo humu wanaojiuliza kipepeo atamjazia nani sufuria. Nitafika huko. Nipeni nafasi kwanza nianze na hili jani.

Ni jani la mndimu, nimelichuma leo asubuhi. Aliye karibu aangalie hapa juu yake. Anaona nini? Mavi ya ndege, ndiyo, kila mtu husema hivyo: kitu cheusi chenye baka jeupe. Sasa nakigusa kwa njiti. Mmeona? Kimechomoza pembe mbili za rangi ya chungwa, na harufu yake inachoma pua. Huyu ni kiwavi. Ndege akimwona hudhani ni mavi, anampita. Akikua atakuwa kijani kama jani lenyewe, halafu atajifunga uzi kiunoni, awe pupa, yaani kifuko kinachotulia bila kula, na kutoka humo ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezunguka kwenye ndimu zenu.

Nimemleta kwa sababu tunapozungumza vipepeo huwa tunataja maua tu. Maua ni kinywaji chake. Watoto wake hulelewa kwenye majani, tena kila aina ina majani yake, hawali mengine. Ukipanda maua hadi mlangoni na ukafyeka vichaka vyote, umemkaribisha mgeni chakula ukamnyima pa kulea.

Hapa Kilifi hatuhitaji mifano ya mbali. Arabuko-Sokoke ina kama kilomita za mraba 420, na ndiyo kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Wazee mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 90 majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe wagawiwe mashamba, na siwezi kuwalaumu. Tembo na nyani walikuwa wakila mahindi yao, na msitu wenyewe ulikuwa hauwapi kitu. Mwaka 1993 mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon na wenzake wakaanzisha mradi wa Kipepeo pale Gede, karibu na magofu, chini ya Makumbusho ya Taifa. Mfugaji ananasa majike wachache kwa wavu, au kwa mtego wenye ndizi iliyooza. Anawatia ndani ya banda la neti lenye mti wao, wanataga. Kazi yenyewe inaanzia hapo, maana kiwavi anakula kama yuko harusini, na sisimizi na nyigu wanamvizia. Pupa wanapelekwa Gede, wanafungwa kwenye maboksi, wanapanda ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Na hawangoji: safari ikichelewa, vipepeo wanatokea ndani ya boksi.

Waliokuwa wakiutazama msitu kama adui wakaanza kupanda miti yake uani kwao, kwa sababu wanahitaji majani. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko hata pesa wanazolipwa kwa pupa.

Lakini soko la mbali hufungwa na watu wa mbali. Wenzetu wa Amani, kule Usambara Mashariki, walikuwa na mradi kama huu. Machi 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingizwa humo humo. Wafugaji walioishi vizuri na msitu miaka yote wakajikuta na mabanda matupu. Mwaka 2020 ikaja korona, ndege zikasimama, wageni hawakuingia kwenye zile nyumba za vioo. Ndiyo maana nasema mkataba wetu na msitu usitegemee boksi la pupa peke yake.

Turudi kwenye sufuria. Mpapai una dume na jike. Ua la dume lina asali, la jike halina. Jioni giza linapoingia, nondo, wale ndugu wa kipepeo wanaoruka usiku, wakubwa wenye ulimi mrefu, huja wakielea hewani mbele ya ua bila kutua. Wananywa kwa dume, wanakosea njia wanagusa jike wakiwa na chavua ya dume mwilini, na kosa hilo ndilo papai unalokula. Mwaka 2009 mtafiti wetu wa wadudu, Dino Martins, alichapisha pamoja na mwenzake utafiti wa mipapai ya Bonde la Kerio: iliyo karibu na pori zuri ilitembelewa na nondo zaidi kuliko iliyo mbali. Nondo huyo amelelewa kwenye majani ya porini, anakuja shambani jioni tu. Na sisi tunakata kila mpapai dume kwa kuwa hauzai!

Mwaka mmoja nilikuwa nalea viwavi kwenye banda langu, trei nne. Shamba la pili wakapiga dawa kukiwa na upepo. Asubuhi nikawakuta wote chini, weusi, wamejikunja. Jirani hakujua, na mimi sikuwa nimemwambia nina nini ndani ya neti. Tangu siku hiyo nimejua kazi hii haifanywi na shamba moja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukanda wa kichaka ulio mpakani, kati yako na jirani, kubalianeni usifyekwe wote kwa mara moja. Mwembe ukiwa kwenye maua, msipige dawa. Nzi na nyuki ndio wanaofanya maua hayo yashike maembe. Acheni dume mmoja wa mpapai. Na tangu Sheria ya Misitu ya 2005 vyama vya jamii vinaweza kuandikiana mkataba na KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu, basi ingieni humo na madai yenu, na suala la tembo liwe la kwanza.

Maswali nitayapokea nje. Jua linazama, na nyuma ya ukumbi huu kuna mipapai miwili iliyotoa maua. Tusimame kimya hatua chache kutoka pale, tuzime tochi. Wanaokwenda kuswali magharibi watatukuta.