Nairobi hadi New York: Usimhesabie Mama Saa za Tiketi

Hamjambo watu wangu wa Nairobi! Leo naongea na wewe unayemkatia mzazi tiketi ya kuja huku New York.

Shika hiyo tiketi tuisome pamoja. Tuseme ni mwezi wa Januari. Mama anaondoka JKIA saa tano na nusu usiku, anatua JFK saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukihesabu harakaharaka unapata saa 7, kisha unamwambia, “Mama, ni kulala na kuamka tu.” Tafadhali usimwambie hivyo. Atakaa kwenye kiti saa 15! Wakati huo New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo akitua alfajiri ya huku, huko Embakasi ni saa nane na nusu mchana. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7.

Kutoka Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 11,800. Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways inaruka moja kwa moja, na kwa mzazi asiyezoea viwanja vya ndege mimi napendelea hiyo, hata nauli ikizidi kidogo. Ukimpitisha Doha au Amsterdam, ongeza saa za kusubiri, na lile zoezi la kutafuta geti peke yake akiwa amechoka.

Kurudi nyumbani ni kama saa 14. Huko juu, kwenye kilomita kumi hivi, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekuja Marekani anapambana nao, anayerudi Kenya anasukumwa nao. Lakini tiketi ya kurudi ndiyo huwatisha wazee: kuondoka saa sita na nusu mchana, kufika saa nne na nusu asubuhi ya kesho yake. Mtoe hofu, hatakaa angani saa 22.

Sasa dawa, na hapa nawaomba msikilize vizuri. Mzazi wa presha au sukari asifuate saa ya simu, maana ikibadilika akitua, dozi zinavurugika. Kabla ya safari, muulize daktari wake atameza saa ngapi kwa kuhesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Mkatie kiti cha kando ya njia, ainuke, atembee, anywe maji. Miguu huvimba kwa kukaa sana. Kama amewahi kuganda damu mguuni, daktari ajue kabla hujalipa.

Niandikie hapa chini tiketi ya mzazi wako inasema anaondoka saa ngapi na kufika saa ngapi, na anapitia wapi. Nitakupigia hesabu ya saa atakazokaa njiani.